Utukutu Darasani, Ustadi Kazini

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii imependwa mno na sisi walimu. Mtoto asiyetulia kitini hukunjwa mapema kwa makaripio na, hadi viboko vilipopigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, hata kwa kiboko. Lakini je, kila asiyekunjika ameharibika?

Mwanaisimu huanza na majina. Kiswahili humwita mtoto wa aina hii mtukutu, machachari au mtundu. Neno hili la mwisho lina maana mbili. Mtundu ni msumbufu asiyetulia, na mtundu vilevile ni mtu mbunifu, mwenye ufundi wa kuzua mambo mapya. Waliotuachia lugha hii walitambua kwamba sifa hizo mbili huweza kukaa katika mtu mmoja.

Majina ya kitabibu hayakuwa na ukarimu huo. Katika mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani, hali hii ilitajwa mwaka wa 1968 kama utukutu wa utotoni. Mwaka wa 1980 ikaitwa upungufu wa umakinifu, na mwaka wa 1987 majina hayo mawili yakaunganishwa kuwa hali ijulikanayo hadi leo kwa kifupi kama ADHD. Kila jina lilitaja pungufu au ziada. Hakuna lililotaja kipawa. Mwongozo wa mwaka wa 2013 uliweka wazi vigezo vya kuitambua kwa watu wazima pia. Kwa hiyo, hili si suala la chekechea tu, bali pia la ofisi, karakana na vyumba vya habari.

Ushahidi mmoja wa kutafakarisha umetoka humu humu nchini. Mwaka wa 2008, mwanaanthropolojia Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume wa jamii ya Ariaal, kaskazini mwa Kenya. Walichunguza aina moja ya jeni ambayo tafiti kadhaa zimeihusisha na ADHD. Miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama, waliokuwa na jeni hiyo walikuwa na afya bora ya mwili kuliko wenzao wasio nayo. Miongoni mwa waliokwisha kupiga kambi ya kudumu, mambo yaligeuka: wenye jeni hiyo walielekea kuwa wembamba zaidi. Watafiti walidokeza kwamba huenda sifa hizo humsaidia mhamaji kulinda mifugo dhidi ya wavamizi au kutafuta malisho na maji. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na jeni moja haimuumbi mtu. Hata hivyo, funzo lake ni zito: sifa ile ile huwa nguvu mahali pamoja na udhaifu mahali pengine.

Darasa letu ni kambi ya kudumu. Mwanafunzi hukaa dakika arobaini, hunyamaza, hunakili. Kazi nyingi za ulimwengu haziko hivyo. Mkalimani wa papo kwa papo hufanya kazi kwa zamu fupi, takriban nusu saa, kisha humwachia mwenzake. Katika muda huo husikiliza na kunena kwa wakati mmoja. Mtangazaji wa kandanda, ripota na muuguzi wa chumba cha dharura huhitaji akili irukayo upesi kutoka jambo moja hadi jingine. Wengi wenye ADHD, wanapokumbana na jambo linalowavutia, huzama ndani yake kwa saa nyingi bila kuchoka. David Neeleman, mwanzilishi wa shirika la ndege la JetBlue nchini Marekani, amesema hadharani kwamba ana hali hii, na kwamba ubunifu wake haujitengi nayo.

Nimemfundisha mwanafunzi ambaye insha zake zilichelewa daima. Aliacha chuo katika mwaka wa tatu. Leo hutafsiri mijadala moja kwa moja redioni, na wasikilizaji humsifu. Mimi si daktari, na siwezi kuipa hali yake jina. Ninachojua ni kwamba mtihani wetu haukuwa na swali hata moja la kupima kile alichokiweza.

Nisieleweke vibaya. ADHD huumiza. Huvunja masomo, ajira na hata ndoa, na wako wanaohitaji dawa na ushauri wa wataalamu. Si kila mtukutu anayo, na kipawa hakijitokezi chenyewe bila kulelewa. Kumwambia mzazi aliyechoka kwamba mwanawe amebarikiwa, kisha kumwacha bila msaada, ni ukatili wa aina nyingine.

Ninachowaomba walimu wenzangu ni vitendo vidogo. Gawanyeni kazi ndefu ziwe vipande vifupi. Mpeni asiyetulia jukumu la kusimama na kutembea. Ruhusuni jibu la mdomo pale linapotosha. Na katika ripoti ya muhula, chini ya neno 'mtukutu', andikeni pia jambo moja analolifanya vyema. Nanyi wanafunzi, msilikubali jina lenye maana moja tu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.