Nyuropeptidi na Uhai wa Seli za Retina

Mshipa uendao kutoka jichoni hadi ubongoni (twasema mshipa wa fahamu, si wa damu, Kiswahili huviita vyote viwili kwa neno moja) una nyuzi zipatazo 1,000,000, na kila uzi hutoka katika seli moja ya retina. Mshipa huo ukikatwa, seli hazifi papo hapo. Katika panya, vifo huanza kuonekana mnamo siku ya 5, na baada ya siku 14 nyingi zimekwisha kufa, wala hazizaliwi nyingine badala yake. Muda huo mfupi ndio unaogombewa na watafiti.

Nyuropeptidi ni vipande vifupi vya protini ambavyo kwavyo seli za fahamu hupashana habari. Mojawapo, PACAP, ilitangazwa mwaka 1989 na Akira Arimura na wenzake, walioipata katika ubongo wa kondoo. Umbo lake refu lina asidi amino 38. Ikidungwa ndani ya jicho la panya lililojeruhiwa, hujishikiza kwenye vipokezi vya seli na kupunguza nguvu za vimeng'enya ambavyo kwavyo seli hujiua. Hivyo seli nyingi zaidi husalia, ingawa nyuzi zake zilizokatika hazifiki tena ubongoni: kuokoa seli si kurudisha kuona. Tena PACAP huvunjwavunjwa upesi mwilini, na hadi leo haijawa dawa ya macho ya binadamu.