Mashine kuukuu za michezo kutoka Japani zapata walezi wapya

Gari kuukuu kutoka Japani si jambo geni kwako, msomaji. Huenda hata lile utakaloabiri leo jioni liliteremshwa bandarini Mombasa likiwa limekwisha kumtumikia bwana mwingine kule Osaka au Yokohama. Lakini je, wajua kwamba kuna watu huko Marekani, Uingereza na Australia wanaoagiza kutoka nchi iyo hiyo makabati makuukuu ya kuchezea michezo ya video, kila moja likiwa na uzito wa kilo 100 hivi? Huyalipia nauli ya meli na ushuru, kisha huyafungua na kuyatengeneza usiku baada ya usiku hadi yawake tena.

Jirani zao huwacheka, maana mchezo uo huo hupatikana siku hizi kwenye simu ya mkononi. Hata hivyo, ukifuatilia mambo kwa undani utaona kwamba watu hawa hawapiganii mchezo tu. Wanapigania kioo ambacho viwanda vimeacha kukitengeneza, na ufundi ambao wenyewe wanazeeka.

Yalikotoka

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Mchezaji alitumbukiza sarafu ya yeni 100, akapigana na majeshi yaliyoshuka kutoka juu ya kiwambo. Mwaka 1980 kampuni ya Namco ilileta Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani, na mwaka 1991 Capcom ikatoa Street Fighter II, mchezo wa ndondi na mateke uliowafanya vijana wapige foleni. Kumbi za michezo, ambazo Wajapani huziita gemu senta, zilienea karibu na vituo vya treni kote nchini humo.

Kule Marekani mashine hizi zilikuwa za mbao, na mchezaji alisimama. Wajapani walifuata njia nyingine. Walitengeneza makabati mafupi ya chuma na plastiki nyeupe yenye kung'aa, mchezaji akakaa kwenye kigoda. Kwa sababu ya mng'ao huo wapenzi wake wa ng'ambo waliyabandika jina la makabati ya peremende. Yanayosifika zaidi ni Astro City, lililotolewa na Sega mwaka 1993, na Egret II la Taito la mwaka 1996. Hili la pili lina hila yake: kioo chake huzungushwa kwa mkono kikasimama wima au kikalala, kutegemea mchezo unaochezwa.

Jambo jingine linaloyafanya yapendwe ni plagi. Katikati ya miaka ya 80 chama cha watengenezaji wa Japani, JAMMA, kilikubaliana juu ya kiungo kimoja chenye nafasi 56 za nyaya. Tangu hapo mwenye ukumbi hakulazimika kununua kabati jipya kila mchezo mpya ulipotoka. Alichomoa bodi ya zamani, akachomeka nyingine, kama wewe ulivyokuwa ukibadilisha kaseti katika redio yako.

Kumbi zafungwa

Mchezo ulipohamia nyumbani, kumbi zilianza kukosa wateja. Katikati ya miaka ya 80 Japani ilikuwa na kumbi zaidi ya 20,000. Kufikia mwaka 2019 hazikufika hata 5,000. Kisha likaja janga la korona. Mwishoni mwa mwaka 2020 Sega iliuza sehemu kubwa ya hisa zake katika biashara hiyo, na mwaka 2022 ikauza zilizosalia. Jina la Sega likaanza kubanduliwa kwenye milango ya kumbi ambazo lilikuwa limezipamba kwa miongo mingi.

Ukumbi unapofungwa, makabati yake huwa na njia mbili. Ama hununuliwa na madalali na kulundikwa ghalani, ama huvunjwavunjwa yakawa chuma chakavu. Hapo ndipo mnunuzi wa ng'ambo huingia. Aghalabu wauzaji hawataki kushughulika na mtu asiyejua Kijapani, kwa hiyo itambidi atafute wakala. Na kwa kuwa nauli ya kabati moja pekee ni ghali mno, wapenzi kadhaa hushirikiana wakajaza kontena la futi 40 na kugawana gharama.

Mwenye pupa huumia hapa. Picha aliyotumiwa huonyesha kabati jeupe linalometameta. Likifika, huweza kukuta kufuli zimetobolewa kwa sababu funguo zilipotea, plastiki imegeuka manjano, na ubao wa vitufe umejaa alama za sigara. Sababu ni kwamba kwa miaka mingi uvutaji sigara uliruhusiwa katika kumbi hizo, hadi sheria ya kuuzuia ndani ya majengo ya umma ilipoanza kutumika kikamilifu Aprili 2020. Moshi wa miaka thelathini huingia kila mahali. Fundi hujikuta akianza kazi kwa ndoo ya maji ya sabuni kabla ya kugusa bisibisi.

Umeme si mmoja

Kosa la kwanza linalounguza mashine hizi hufanyika katika dakika ya kwanza. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wa Marekani ni 120, na wa kwetu Kenya ni 240. Ukichomeka kabati la Japani moja kwa moja kwenye umeme wa volti 240 utasikia mlio, utaona moshi, na safari yote kutoka Yokohama itakuwa imeishia hapo. Shurti kuwe na transfoma ya kupunguza nguvu. Hata Mmarekani, ambaye tofauti yake ni volti 20 tu, hushauriwa aitumie, kwani joto la ziada hula vipuri polepole.

Mafundi wenye busara hawawashi kabati siku linapofika. Kwanza hufagia vumbi, hukagua fyuzi, hutazama nyaya zilizotafunwa na panya, kisha hupima nguvu inayokwenda kwenye bodi. Bodi nyingi hutaka volti 5 kamili. Ikipungua, mchezo huganda. Ikizidi mno, sakiti huungua.

Kiini cha mambo: kioo

Sasa tufike kwenye monita, ambayo ndiyo roho ya kabati. Ni ile ile tyubu ya picha iliyokuwa katika runinga zenye mgongo. Bila shaka unaikumbuka Great Wall ya inchi 14 iliyotazamwa na mtaa mzima. Ndani ya tyubu hakuna hewa. Nyuma yake kuna mitambo mitatu inayorusha miale ya elektroni, nayo miale hiyo hugonga unga maalumu uliopakwa nyuma ya kioo, ukawaka mwekundu, kijani na samawati. Miale huchora mistari zaidi ya 15,000 kila sekunde, na macho yako huiona kama picha moja.

Waliobuni michezo hiyo walichora wakijua mistari hiyo ingeonekana hivyo. Ukiiweka picha ile ile kwenye runinga bapa ya kisasa, huonekana kama vigae vilivyopangwa. Zaidi ya hayo, runinga nyingi za kisasa huipokea picha, huishughulikia, ndipo huionyesha. Ucheleweshaji huo ni wa sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini katika mchezo wa ndondi ndio tofauti ya kupiga na kupigwa. Nazo bunduki za kulenga za michezo ya zamani, zilizotegemea kuuona mwale unapopita, hazifanyi kazi kabisa kwenye kioo bapa.

Hapa pana onyo ambalo kila mzazi anafaa alisome mara mbili. Tyubu kubwa ya rangi hutumia nguvu ya umeme ya takriban volti 25,000, na nguvu hiyo huweza kubaki ndani yake hata baada ya kuchomoa plagi. Mafundi huitoa kwa kifaa kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa chochote. Isitoshe, kwa kuwa haina hewa ndani, tyubu ikigongwa shingoni huweza kupasuka na kurusha vigae, na kioo chake kina madini ya risasi. Ikiwa kuna runinga ya zamani stoo kwako, usimruhusu mtoto aifungue ili kuona kilichomo, na usiitupe jalalani ambako watoto wa mwenzako hucheza.

Kazi ya subira

Ugonjwa wa kawaida wa monita hizi ni kapasita zilizokauka. Kapasita ni kijipipa kidogo chenye maji maalumu ndani yake, na miaka thelathini ya joto huyakausha. Dalili zake ni picha inayotetemeka, inayonywea pembeni au inayofifia. Fundi huzing'oa moja baada ya nyingine, zikiwa makumi kadhaa, na kulehemu mpya akizingatia upande wa chanya na wa hasi. Hupitia pia viungo vya lehemu vilivyopata nyufa. Hapo monita nyingi hufufuka.

Kipuri kinachowanyima usingizi ni transfoma ya nguvu kubwa inayolisha tyubu. Ikipasuka, kupata nyingine ya aina ile ile ni kama kutafuta sindano katika nyasi kavu. Tyubu yenyewe haina badala. Viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza soko lilipohamia runinga bapa. Kampuni ya Nanao, iliyotengeneza monita nyingi za makabati ya Sega, leo inaitwa Eizo na inasifika kwa viwambo bapa vya ofisini na hospitalini. Kwa hivyo kila tyubu inayovunjwa ni moja iliyopungua duniani.

Kuna jambo moja ambalo litakufurahisha wewe unayeishi karibu na mstari wa ikweta. Miale ya elektroni hupindwa na sumaku ya dunia, na sumaku hiyo huelekea tofauti kaskazini na kusini. Ndiyo maana viwanda vilitengeneza tyubu za kaskazini, za kusini na za ikweta. Mwaustralia anayeagiza monita iliyorekebishwa kwa ajili ya Tokyo huweza kukuta picha imeinama kidogo au rangi zimechafuka kwenye pembe, akalazimika kuirekebisha upya. Nayo ikija kwetu ingehitaji marekebisho yake.

Bodi za michezo nazo zina kaburi lake. Mwaka 1993 Capcom ilianza kuuza bodi za CPS-2 zilizofungwa kwa siri ili zisinakiliwe. Ufunguo wa siri ulihifadhiwa kwa betri ndogo. Betri ilipokwisha, ufunguo ulifutika na bodi ikafa, hata kama mwenyewe aliinunua kwa haki. Ilichukua wapenzi wa michezo hiyo miaka mingi ya uchunguzi hadi wakajua namna ya kuurudisha ufunguo. Bila ukaidi wao, bodi hizo zingekwisha moja baada ya nyingine.

Ina faida gani?

Utauliza, na swali lako ni la haki: kwa nini mtu atumie fedha nyingi hivyo kwa mchezo wa watoto? Ni kweli wapo waliofilisi akiba ya nyumba kwa kujaza makabati sebuleni, na mke au mume akanuna kwa sababu ya kutoshauriwa. Anasa isiyo na kipimo ni hasara, iwe ya gari, ya nguo au ya mashine.

Lakini tazama upande wa pili. Huko Brookfield karibu na Chicago, ukumbi wa Galloping Ghost ulifunguliwa mwaka 2010 ukiwa na mashine za zamani, na mgeni hulipa kiingilio mara moja akacheza atakavyo. Baba huweza kumwonyesha mwanawe alichokicheza utotoni, wakakaa bega kwa bega, jambo ambalo simu ya mkononi haiwapi kwa urahisi.

Na kubwa zaidi ni ufundi. Anayejua kuitibu tyubu alijifunza miaka ile runinga ilipokuwa ikipelekwa kwa fundi badala ya kutupwa. Hata sisi tunao mafundi wa namna hiyo, waliokaa miaka na miaka na chuma cha kulehemia mkononi katika vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwingineko mijini. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015 na runinga bapa kushuka bei, wateja wao wamepungua. Wengi wamegeukia simu, na wengine wamefunga. Elimu waliyo nayo vichwani, ya kusikiliza mlio na kujua kipuri kipi kimekufa, ndiyo inayotafutwa kwa tochi huko ng'ambo na wenye makabati haya.

Basi, msomaji, huenda hutaagiza kabati kutoka Japani, wala sikuhimizi ufanye hivyo. Lakini ukiwa na mjomba au jirani aliyekuwa fundi wa runinga, mpeleke mwanao anayependa vyombo akakae naye Jumamosi moja. Aanze na redio ya betri, si na tyubu. Aonyeshwe namna ya kupima, kulehemu na kusubiri. Kioo kikivunjika hakirudi, na fundi akiondoka bila mwanafunzi huenda na elimu yake.