Kozi Ipi Inagombaniwa, na Inagharimu Kilo Ngapi za Karafuu

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka Julai, familia ya Mkoani, Pemba, huwa na hesabu mbili za kufanya: pointi za mtoto na fedha za mzazi. Ya kwanza hufanywa usiku uleule. Ya pili huachwa hadi jina litoke kwenye orodha ya waliochaguliwa, na mara nyingi hapo mtu ameshajifunga. Afadhali zifanywe pamoja, kabla ya kujaza fomu.

Pointi za kuombea na pointi za kupatia

A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa kozi nyingi, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka masomo mawili yanayohusika na kozi yenyewe, jumla isipungue 4. Maana yake D mbili zinatosha kuomba. Udaktari wa binadamu unataka masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue 6. Hizo nazo ni D tatu. Somo la General Studies halimo katika hesabu hiyo.

Ukiishia hapo utadhani udaktari na ualimu vina mlango mmoja. Kumbe hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Chuo huwapanga waombaji kuanzia mwenye pointi nyingi, kikiteremka hadi nafasi ziishe. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi huwa imeshajaa kabla ya kumfikia mwenye D tatu, hata kama sheria haimzuii.

Kwa hiyo katika kitabu cha mwongozo cha TCU usisome safu ya sifa za kujiunga peke yake. Soma pia safu ya idadi ya nafasi. Na usilinganishe pointi za kozi mbili bila kuuliza zinahesabiwa kwa masomo mangapi: pointi 9 katika kozi ya masomo mawili ni karibu na kilele, kwani mwisho ni 10, ilhali pointi 9 katika udaktari ni C tatu, na mwisho ni 15.

Kozi kwa kozi

*Udaktari.* Ndiyo inayogombaniwa kuliko zote, hasa Muhimbili (MUHAS), ambako anayeomba na C tatu hushindana na wenye A na B. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, nacho kinafundisha udaktari. Vyuo binafsi huwa na upenyo mkubwa zaidi kwa mwenye pointi za kati, lakini upenyo huo unalipiwa.

*Uuguzi.* Unatumia mchepuo uleule wa Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), na kwa kawaida sharti lake linaanza na C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia. Mwenye Fizikia dhaifu lakini Kemia nzuri ana nafasi hapa kuliko kwenye udaktari. Watu huutaja kama kozi ya aliyekosa udaktari, ilhali ukiingia wodi yoyote ya Hospitali ya Abdalla Mzee hapo Mkoani, wauguzi ndio wanaoshinda na kukesha na mgonjwa.

*Uhandisi.* Hapa mchujo mkubwa hufanyika Kidato cha Tano. Bila ya Hisabati ya juu na Fizikia huombi, na skuli zenye wanafunzi wengi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ni chache. Ushindani hutofautiana fani kwa fani ndani ya chuo kimoja, kwa hiyo mwenye pointi za wastani azisome zote, asigande kwenye jina moja analolijua.

*Sheria na biashara.* Zinapokea michepuo mingi, HKL, HGL, EGM na ECA, na ndiyo sababu waombaji hufurika. D mbili zinakuruhusu kuomba; kwenye vyuo vyenye jina usizitegemee. Kwa sheria ongeza pia kwamba anayetaka uwakili Tanzania Bara hupitia Shule ya Sheria baada ya shahada.

*Ualimu.* Ualimu wa masomo ya sanaa una nafasi nyingi na wahitimu wengi wanaongoja ajira. Ualimu wa Hisabati na Fizikia una waombaji wachache, na skuli zinawatafuta wahitimu wake. Mwenye PCM ya wastani akiupita huu bila kuuangalia amejinyima.

Jambo moja kwa waliosoma Kiarabu na masomo ya dini, ambao Pemba ni wengi: Kiarabu kimo katika orodha ya masomo yanayokubaliwa kwenye kozi nyingi za sanaa. Masomo ya dini usiyahesabu mpaka uyaone yameandikwa kwenye sharti la kozi unayoitaka.

Sasa fedha

Kipimo cha gharama kinachoeleweka Pemba ni karafuu. Tuchukulie kilo moja ni shilingi 15,000.

Ada ya shahada ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni karibu milioni 1 kwa mwaka: kilo 67. Udaktari Muhimbili ni karibu milioni 1.8: kilo 120. Chuo binafsi cha udaktari hutoza zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa wanaotazama mbali, tawi la IIT Madras lililofunguliwa Unguja mwaka 2023 lina shahada ya sayansi ya data na akili unde kwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa dola moja shilingi 2,500, hizo ni tani 2 za karafuu kavu kila mwaka.

Lakini ada si mzigo mkubwa kuliko yote. Bodi ya mikopo, HESLB, hukadiria chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa miezi minane hiyo ni milioni 2.4, yaani kilo 160, zaidi ya ada ya Muhimbili yenyewe. Ukijumlisha, miaka mitatu ya sanaa Dar es Salaam inafika milioni 10.2, sawa na kilo 680. Miaka mitano ya udaktari Muhimbili inafika milioni 21, sawa na kilo 1,400, kabla ya mwaka wa mafunzo kazini. Nauli za boti haziko humo.

Hapo ndipo SUZA inapobadilisha hesabu. Mwanafunzi mwenye ami au khalati Unguja wa kumpokea anaweza kufuta sehemu kubwa ya zile kilo 160. Nafuu hiyo huzidi tofauti yoyote ndogo ya ada kati ya chuo na chuo.

Mkopo husaidia, na Mzanzibari ana bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu ya Zanzibar ya kuanzia. Ukichukua wa HESLB, ada ya maombi ni shilingi 30,000, na ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi aulizie pia ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza 2022/23. Karafuu zina mwaka wa neema na mwaka wa ukame, ada haina. Atakayesomesha kwa shamba peke yake aweke akiba ya msimu mzima kabla ya kuanza.

Jinsi ya kuchagua

Tangu 2017/18 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, kila chuo shilingi 10,000. Vyuo vitatu vilivyochaguliwa kwa akili vinatosha: kimoja cha matamanio, kimoja ambacho pointi zako zinakitosha, na kimoja ambacho familia inakimudu hata mkopo ukikosekana. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa, la sivyo nafasi hupewa mwengine.

Mwenye A na B za PCB aombe Muhimbili na SUZA bila hofu. Mwenye C aombe udaktari SUZA na aweke uuguzi kuwa chaguo la kweli. Mwenye D tatu asikimbilie udaktari wa chuo binafsi kwa sababu tu ameitwa: stashahada ya afya yenye GPA ya 3.0 inaweza kumfikisha kwenye shahada baadaye, kwa gharama ndogo na akiwa na kazi mkononi. Na aliye Kidato cha Nne leo Skuli ya Uweleni ndiye mwenye uhuru mkubwa kuliko wote hawa, kwani bado hajachagua mchepuo.