Je, Wajua? Barabara Moja, Sheria Mbili
Mjini Kansas City, Marekani, sehemu ya mpaka wa majimbo ya Kansas na Missouri ni barabara tu: State Line Road. Upande wa Kansas, tangu 2022, muuguzi bingwa (nurse practitioner) huandika dawa bila mkataba na daktari. Akivuka kwenda kufanya kazi Missouri, mkataba ni lazima.

Hata kwa simu ya video, kinachoangaliwa ni mahali alipo mgonjwa, si muuguzi. Mgonjwa wake wa miaka mingi akiwa safarini jimbo jingine, kwa kawaida muuguzi asiye na leseni ya huko hawezi kumwandikia dawa. Inaumiza, maana muuguzi Loretta Ford na Dkt. Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi bingwa Colorado mwaka 1965 ili watoto waliokosa madaktari wapate tiba.