Bakteria anayewafanya utitiri wazae majike matupu

Msomaji, ikiwa umewahi kufuga kuku, utitiri unawajua: vidudu vinavyokupanda mkononi unapookota mayai, ukashinda ukijikuna. Hao ni wasumbufu tu. Wenzao wa vichakani huko Asia ndio wa kuogopwa, kwa sababu ya bakteria wanayeishi naye.

Bakteria huyo, Orientia tsutsugamushi, hukaa ndani ya utitiri jike na kuingia katika mayai yake. Dume hawezi kumrithisha mtoto bakteria huyo. Kwa hivyo, kwa bakteria, dume ni hasara, na ajabu ni kwamba majike wenye Orientia huzaa karibu majike matupu. Mwaka wa 1997 watafiti waliripoti kuwa walipowapa utitiri kama hao dawa ya minosaiklini, madume walianza kuonekana kwa wingi.

Pengine unauliza, mambo ya uzazi wa utitiri yakuhusu nini? Yakuhusu sana. Utitiri huuma angali mchanga, tena kwa kawaida mara moja tu maishani. Kama angelazimika kuambukizwa na panya kwanza, hangekuwa na nafasi ya pili ya kukuambukiza wewe. Lakini amezaliwa na bakteria tayari, na mara hiyo moja yatosha.

Siku kumi hivi baadaye huja homa kali na kuumwa na kichwa na mwili. Wengi hudhani ni malaria, na dawa za malaria hazisaidii. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka wa 1944 walipita katika bonde la Kabaw, lililosifika kwa homa hii, na wakati huo haikuwa na dawa. Kloramfenikoli ilianza kuwaponya wagonjwa mwaka wa 1948. Siku hizi hutumika doksisaiklini, nayo hufanya kazi upesi ikianzwa mapema. Mgonjwa akicheleweshwa, anaweza kufa.

Usidhani ni Asia ya mbali pekee. Mwaka wa 2006 mtalii aliugua baada ya kuzuru Dubai, na mwaka wa 2010 wanasayansi wakatangaza kuwa bakteria wake alikuwa Orientia wa aina mpya.

Basi jamaa yako akirudi kutoka huko na homa, na vipimo vionyeshe hana malaria, amweleze daktari alikotoka. Tena ajikague kwapani, kinenani na nyuma ya magoti, atafute kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, mfano wa mtu aliyechomwa na sigara. Mara nyingi kidonda hicho hakiumi, ndiyo maana wengi hawakioni.