Hesabu za Siku kwa Mhamaji wa Umri wa Makamo

Kuishi kwa kuhamahama ughaibuni, yaani kukaa miezi kadhaa katika nchi moja kisha kuelekea nyingine bila kuweka makazi ya kudumu, hakukuanza na intaneti wala hakukuwa kwa vijana peke yao, kwani Ida Pfeiffer wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1797, aliondoka peke yake mwaka 1842, wanawe wakiwa wameshakua, na kabla ya kufariki mwaka 1858 alikuwa ameizunguka dunia mara mbili. Mhamaji wa leo husafiri kwa wepesi zaidi, lakini hufuatwa na sheria ambazo kila moja huhesabu siku zake kwa namna yake.

Hesabu ya kwanza ni ya ukaaji. Katika eneo la Schengen, lenye nchi 29 za Ulaya, mgeni wa muda mfupi haruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na kipindi hicho huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka kila siku anayokuwapo, siku ya kuingia na ya kutoka zikijumuishwa. Anayetaka kukaa zaidi hutafuta viza ya mhamaji wa kidijitali, ambayo ni kibali cha kuishi nchini huku mtu akimfanyia kazi mwajiri au mteja wa nchi nyingine. Estonia ilianzisha yake mwaka 2020.

Hesabu ya pili, ambayo ndiyo nzito na ndiyo inayosahaulika, ni ya kodi. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania humtambua kuwa mkaazi mtu aliyekuwapo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, lakini mwenye makazi ya kudumu nchini huwa mkaazi hata akifika kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo mama aliyebakiza nyumba yake Moshi na kurudi wiki mbili za Desemba anaweza kudaiwa Tanzania kodi ya mapato yake ya dunia nzima, ilhali nchi aliyokaa miezi saba nayo inamdai. Na mikataba ya kuzuia mapato kutozwa kodi mara mbili, Tanzania inayo na nchi chache tu, zikiwamo India, Afrika Kusini na Sweden.

Bima nayo ina mipaka yake. Bima ya safari kwa kawaida hulipia dharura, na mara nyingi huyaacha nje maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kuinunua, kama kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo huongezeka kadiri umri unavyosogea.

Anayekusudia maisha haya baada ya kulea watoto anastahili kuyapata kwa utulivu. Basi na aonane na mshauri wa kodi na daktari wake kabla ya kupangisha au kuuza nyumba, kwa kuwa uamuzi kuhusu nyumba hiyo ndio unaogusa kodi yake kuliko tiketi yoyote atakayokata.