Mwanga Unaotafuta Saratani: Ni Kweli ama ni Uongo?

Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, maana mazungumzo ya leo yanahitaji sikio.

Majuzi mama mmoja alinijia kliniki siku ya kupima watoto uzani. Mtoto wake alikuwa mzima. Lililomleta hasa ni ujumbe aliotumiwa kwa simu. Ujumbe ulisema kwamba imepatikana dawa ya dhahabu inayoingia mwilini, na ikimulikwa na taa maalum huchoma saratani yote bila kisu. Chini kulikuwa na nambari ya mtu anayeuza taa hiyo. Akaniuliza, "Sista, hii ni kweli ama ni uongo?" Nikamjibu kwamba ni yote mawili, na leo nataka tuyatenganishe.

Tuanze na ukweli. Usiku wa leo zima taa, washa tochi, kisha uifunike kwa vidole vyako. Utaona vidole viking'aa wekundu. Mwanga wa tochi ni mweupe na una rangi nyingi ndani yake, lakini damu na nyama humeza nyingi ya rangi hizo. Nyekundu ndiyo inayopenya. Sasa, ng'ambo ya nyekundu kuna mwanga mwingine ambao jicho haliuoni, na ambao hupenya mwilini zaidi. Rimoti ya televisheni hutumia mwanga wa ukoo huo huo. Ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Kwa simu nyingi utaona kinuru kikimetameta mahali ambapo jicho lako halikuona kitu.

Huko Marekani, katika chuo kikuu cha Rice mjini Houston, watafiti wawili wanawake, Naomi Halas na Jennifer West, waliufikiria mwanga huo. Ikiwa unapita kwenye nyama, je, tukitia ndani ya uvimbe kitu cha kuumeza? Wewe unajua jinsi mabati yanavyochoma mkono saa saba mchana, ilhali hewa inayoyazunguka haichomi. Kinachomeza mwanga ndicho kinachopata moto. Basi wakatengeneza chembe ndogo mno: kiini chake ni cha silika, ukoo wa mchanga na kioo, na juu yake kuna ganda jembamba la dhahabu. Unene wa ganda hilo ndio unaoamua chembe imeze mwanga gani. Ukizipanga chembe hizi kwenye upana wa unywele mmoja, zitaingia mamia. Mwaka 2003 kundi lao lilichapisha matokeo ya majaribio kwa seli za saratani ya matiti zilizokuzwa maabarani, na kwa panya. Seli zilizokuwa na chembe zilikufa zilipomulikwa, na zile zisizo na chembe zikapona.

Utauliza chembe inajuaje mahali uvimbe ulipo. Haijui. Husafiri na damu tu. Lakini uvimbe wa saratani hukua haraka na mishipa yake ya damu hujengwa ovyo, kama nyumba iliyokandikwa kwa pupa ikaachwa na matundu. Chembe hupenya kwenye matundu hayo na kubaki humo.

Mwaka 2019 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Karibu wote walitiwa chembe za dhahabu kwa mshipa, na kesho yake madaktari wakapitisha nyuzi nyembamba za leza hadi ndani ya tezi, wakiongozwa na picha za mashine. Wagonjwa wengi walipopimwa baada ya mwaka, sehemu iliyochomwa haikuonekana tena na saratani. Hilo ni jambo kubwa, na mimi nalifurahia. Lakini 16 ni watu wa kujaa matatu moja. Na saratani yao ilikuwa ndogo, bado imekaa mahali pamoja.

Chembe nyingine kazi yake si kuchoma bali kuonyesha. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya kwanza kwa binadamu ya chembe ndogo zaidi za silika, zilizobuniwa katika chuo kikuu cha Cornell, zenye rangi inayong'aa zikimulikwa. Nia ni kwamba daktari mpasuaji aone mahali saratani inapoishia, asiache mabaki na asikate nyama nzima bure.

Sasa nije kwenye uongo. Mwanga huo hupenya sentimita chache tu. Ndiyo maana wanaume wale waliingiziwa nyuzi za leza ndani. Hawakumulikwa na taa kutoka nje. Na saratani ikishatawanyika kwenye ini, mapafu na mifupa, utaimulika wapi? Tena chembe nyingi haziendi kwenye uvimbe kabisa, zinaishia kwenye ini na bandama, na watafiti bado wanafuatilia zinakaa humo kwa muda gani. Taa peke yake bila chembe ni taa tu. Inaweza kukupa joto la mgongo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniambia ana kivimbe titini, kama punje ya mahindi. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Hakwenda. Alikuwa ameuziwa taa nyekundu kwa shilingi 12,000, na muuzaji alimwambia aimulike kila jioni wala asikubali kukatwa. Aliimulika kutoka msimu wa kupanda hadi wa kuvuna. Aliporudi kivimbe kilikuwa kama yai na ngozi imevutwa ndani. Titi lilitolewa lote, na matibabu yakawa marefu kuliko yale ambayo angepata mwanzoni. Sikumlaumu, maana nani hangependa kutibiwa bila kisu? Lakini barua ile ningeifuata mwenyewe nyumbani kwake. Siku hizi nafuata.

Jambo ambalo ujumbe ule haukumwambia mama wa simu ni kwamba njia ya ukoo huu iko hapa karibu. Watafiti wa dhahabu wana hatua tatu: kutia kitu, kumulika, kuchoma kwa joto. Nasi katika vituo vingi vya afya tunapima mlango wa kizazi kwa siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi, husubiri dakika moja hivi, kisha humulika kwa taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema, kabla haijawa saratani, huchomwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi kali, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna dhahabu, na imeokoa wanawake wengi.

Kipimo hicho ni cha mwanamke wa miaka 25 hadi 49, hata kama hasikii maumivu yoyote. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje umri huo. Aulize kliniki anakochukulia dawa. Usije siku za hedhi. Ukiwa umefika miaka 50 njoo pia, kuna kipimo kingine kinachokufaa.

Na kama una kivimbe titini, au chuchu inayotoa damu, usingoje siku ya kliniki ya mtoto. Njoo kesho asubuhi. Ukiwa na taa uliyouziwa, njoo nayo, nami sitakugombeza.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya homa ya mtoto usiku. Kwaheri kwa sasa.